Sanduku la Kuchachushia Pombe katika Nyanda za Juu za Ufipa

Sanduku la kuchachushia ni kabati lililozibwa vizuri, lenye chanzo cha joto na chanzo cha baridi, ambamo chombo cha pombe hukaa tangu hamira inapotiwa hadi pombe inapokomaa. Kazi yake ni moja: kushikilia nyuzijoto alizochagua mpikaji, usiku na mchana, hata hali ya hewa ya nje ikibadilika vipi. Dar es Salaam au Mombasa, kazi hiyo karibu yote ni ya kupoza. Sumbawanga, mji wa Ufipa, mambo ni tofauti. Mji uko takriban mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, na katika kipupwe cha Juni na Julai usiku huweza kushuka chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Ifikapo Oktoba, kabla ya mvua kuanza, mchana hufika nyuzi 27 au zaidi. Kwa hiyo sanduku la Ufipa hujengwa kwanza ili kuhifadhi joto, na kupoza huja baadaye. Anayenakili michoro ya watu wa pwani hujikuta ametumia fedha nyingi kwenye friji na kusahau kuta, ilhali kuta ndizo zinazobeba kazi nzima.

Umuhimu wa nyuzijoto unatokana na hamira yenyewe. Hamira ni kiumbe hai. Hula sukari, na hutoa kileo na gesi ya kaboni dayoksaidi. Aina inayotumika zaidi duniani, Saccharomyces cerevisiae, hufanya kazi safi kati ya nyuzi 18 na 22. Joto likizidi hapo, hukimbia mno na kuacha harufu nzito ya matunda yaliyoiva kupita kiasi pamoja na ukali wa spiriti unaochoma kooni. Likishuka mno, hulala, huzama chini ya chombo, na kuviachia nafasi vijidudu vingine ambavyo havikualikwa. Hamira ya bia ya laga, Saccharomyces pastorianus, hupenda ubaridi zaidi, nyuzi 8 hadi 13. Ndiyo sababu mwaka 1553 Mtawala Albrecht V wa Bavaria alipiga marufuku kupika bia kuanzia mwishoni mwa Aprili hadi mwishoni mwa Septemba, kwa kuwa bia ya kiangazi iliharibika. Marufuku ya aina hiyo ilikosa maana mashine za kupoza zilipoingia viwandani. Carl von Linde alizitengeneza katika miaka ya 1870 kwa msaada wa Gabriel Sedlmayr, mwenye kiwanda cha Spaten mjini Munich. Muongo uliofuata, mwaka 1883, Emil Christian Hansen wa maabara ya Carlsberg alifaulu kukuza hamira safi iliyotokana na chembe moja. Bia ya kisasa imejengwa juu ya mambo hayo mawili, hamira inayojulikana na joto linalotawaliwa.

Pombe za Ufipa zina tabia yake. Komoni na kimpumu, pombe za ulezi na mahindi zinazonywewa Rukwa, Songwe na Mbeya, huchachushwa na kundi la viumbe wanaofanya kazi pamoja: hamira huleta kileo, na bakteria wa asidi ya maziwa huleta ule uchachu unaotambulika tangu funda la kwanza. Bakteria hao hupenda joto kuliko hamira. Kwenye nyuzi 28 au 30 uchachu huwahi, na pombe iliyokuwa tamu asubuhi huwa kali kama siki keshokutwa. Kwenye nyuzi 20 pombe huenda polepole na kukaa siku nyingi zaidi. Mapishi yale yale yakipikwa Sumbawanga na yakapikwa pia kwenye Bonde la Rukwa, ambako ziwa liko takriban mita 1,000 chini ya mji, hutoa pombe mbili tofauti. Wanawake wanaopika pombe wanalijua jambo hilo vizuri. Wakati wa baridi huufunika mtungi kwa magunia na mablanketi, huusogeza karibu na jiko, na huipa pombe siku moja ya ziada. Sanduku ni mwendelezo wa maarifa hayo, likiongezewa kipimo.

Hesabu ya joto

Kabla ya kukata mbao, ni vyema kujua pombe yenyewe hutoa joto kiasi gani. Kila kilo moja ya sukari inayoliwa na hamira hutoa takriban kilojuli 580. Ndoo ya lita 20 yenye kilo 2 za sukari ya kuchachuka hutoa, kwa hiyo, karibu kilojuli 1,160. Kupandisha lita 20 za maji kwa nyuzi moja kunahitaji kilojuli 84. Kama joto hilo lote lingebaki ndani, pombe ingepanda kwa karibu nyuzi 14, na iliyoanza kwenye 20 ingefika 34. Ndiyo maana chombo kilichofunikwa sana siku ya kwanza huweza kuungua kwa ndani hata katika mwezi wa Julai, na ndiyo maana kipimajoto cha ukutani hakisemi ukweli kuhusu kilichomo ndooni. Joto hilo likigawanywa kwa siku tatu, wastani wake ni wati nne na nusu tu, ingawa siku ya pili huweza kuwa maradufu.

Upande wa pili wa hesabu ni joto linalopotea kupitia kuta. Sanduku lenye nafasi ya ndani ya sentimita 60 kwa 60, na kimo cha sentimita 100, linatosha ndoo moja ya lita 20 hadi 30 pamoja na vifaa vyake. Likiwa la plaiwudi tupu hupoteza zaidi ya wati 12 kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya ndani na nje. Kuta zikijazwa kizuia joto kizuri, upotevu hushuka hadi karibu wati mbili na nusu. Usiku wa nyuzi 8, pombe ikitakiwa kukaa kwenye 20, tofauti ni nyuzi 12. Sanduku tupu hudai wati 150 usiku kucha, na sanduku lililojazwa hudai wati 30, tena pombe yenyewe ikichangia tano kati ya hizo. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama sanduku litategemea bili kubwa ya umeme au litaweza kuendeshwa hata kwa maji ya moto.

Kuta

Kizuia joto kinachosifiwa vitabuni ni lile povu gumu jeupe la plastiki linalotengenezewa maboksi ya kusafirishia samaki na chanjo. Mabamba yake ya sentimita 5 yanafaa sana, lakini hayapatikani kila mahali na ni ghali kwa aliye mbali na maduka makubwa. Ufipa ina mbadala unaostahili heshima kuliko unavyopewa: pumba za mpunga. Mpunga hulimwa Bonde la Rukwa, na kwenye mashine za kukoboa pumba hurundikwa nje hadi zikachomwa. Ganda la mpunga lina hewa nyingi iliyofungwa ndani yake, na madini yake ya silika hulifanya lisioze upesi. Ukuta wa sentimita 10 wa pumba kavu huzuia joto karibu sawa na sentimita 5 za povu.

Sanduku la pumba hujengwa kama sanduku ndani ya sanduku. Fremu ya mbao za inchi mbili kwa mbili huvikwa plaiwudi kwa nje. Sanduku la ndani husimamishwa juu ya vigingi vifupi ili pumba ziingie hata chini ya sakafu, kisha mwanya wa sentimita 10 hujazwa pande zote. Pumba hazishindiliwi kwa nguvu, maana zikishindiliwa hewa hutoka na faida hupotea, ila hugongwa-gongwa kidogo ili zisije zikashuka baadaye na kuacha pengo juu. Zikaushwe juani siku mbili au tatu kabla ya kujazwa. Kuchanganya na jivu kidogo au chokaa huwafukuza wadudu, na matundu yote ya fremu yazibwe kwa bati au wavu mgumu, kwa sababu panya wa Ufipa hawahitaji mwaliko kwenye pumba zenye joto. Upande wa ndani upakwe rangi ya mafuta ya tabaka mbili: pumba zikilowa huacha kuzuia joto, na unyevu hutoka ndani ya sanduku zaidi kuliko nje.

Mlango ndio sehemu dhaifu. Ujazwe kama ukuta, na kingo zake zizungushiwe mpira wa mlango wa gari au sponji nyembamba. Njia rahisi ya kuukagua ni kuweka tochi inayowaka ndani usiku, kuufunga, na kutazama mwanga unapopenya. Mlango wa juu, kama kifuniko cha sanduku la nguo, huvuja hewa baridi kidogo kuliko wa mbele, lakini kuinua ndoo ya lita 20 kutoka kwenye shimo la kimo cha mita moja kunaumiza mgongo. Wengi watapendelea mlango wa mbele, na ni uamuzi sahihi.

Kupasha na kupoza

Wati 30 ni kidogo. Balbu ya zamani ya waya, ya wati 60, hutosha na kubakiza akiba, lakini siku hizi madukani zimejaa za LED, ambazo hazitoi joto la maana. Chanzo bora ni kipasha joto cha kauri cha wati 60 hadi 100, cha kulelea vifaranga, kinachopatikana kwenye maduka ya pembejeo za mifugo. Hakitoi mwanga, na hilo ni jambo zuri kwa bia yenye hopsi, maana mwanga huibadili hopsi na kuipa bia harufu mbaya. Balbu nyekundu ya vifaranga ya wati 250 imezidi mno kwa sanduku dogo na huweza kuunguza mbao. Chochote kitakachotumika kifungwe kwenye holda ya kauri, kisogezwe angalau sentimita 15 kutoka kwenye ukuta, kizungushiwe kopo la bati lenye matundu, na feni ndogo ya kompyuta izungushe hewa ili joto lisibaki juu na sakafu ikabaki baridi.

Pasipo umeme, maji ya moto hufanya kazi hiyo vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Lita 5 za maji ya nyuzi 80 zikipoa hadi 20 hutoa takriban kilojuli 1,250. Sanduku likihitaji wati 25 usiku wa baridi, kiasi hicho hutosha saa 13 au 14, yaani kutoka jua kuzama hadi asubuhi. Shida ni kwamba joto hutoka kwa wingi mwanzoni. Chombo kikiwekwa wazi kando ya ndoo, pombe huweza kupanda nyuzi kadhaa kabla ya saa nne usiku kisha kushuka alfajiri. Tiba yake ni kugawa: lita mbili na nusu jioni na nyingine kabla ya kulala, kila sufuria ikiwa na mfuniko na imeviringishwa kwa blanketi. Dumu la plastiki jepesi lisitumike, kwani hulegea kwa maji ya moto.

Kupoza nyakati za Oktoba na Novemba si kazi kubwa kama inavyoonekana, kwa sababu usiku wa Ufipa hubaki na ubaridi. Sanduku lile lile la pumba, wastani wa nje kwa saa 24 ukiwa nyuzi 22 na pombe ikitoa wati 5, linahitaji kuondolewa wati 10 tu. Chupa ya lita moja na nusu iliyogandishwa, ikiyeyuka na kufika nyuzi 20, humeza zaidi ya kilojuli 600. Chupa moja na nusu kwa siku hutosha, mbili siku ya pili ambapo pombe huchemka kwa nguvu. Asiye na friza anaweza kuegemea uvukizi: ndoo huvikwa gunia au kanga iliyolowa, ncha yake ikiwa ndani ya beseni la maji, na mlango huachwa wazi upepo upite. Hewa kavu ya kabla ya mvua hushusha joto kwa nyuzi kadhaa. Kuanzia Desemba hewa hujaa unyevu na njia hiyo hupoteza nguvu.

Anayetaka laga hana budi kutumia friji. Friji kuukuu yenye kompresa nzima ni sanduku lililokwisha kujengwa, na pumba hazihitajiki. Jambo la kuchunga ni kutotoboa kuta zake, hasa za friza ya kulala, maana mabomba ya gesi hupita humo. Waya za kihisi na kipasha joto zipitishwe kwenye mpira wa mlango. Friji nyingi mpya hutumia gesi ya R600a, inayowaka, kwa hiyo kibandiko cha nyuma kisomwe kabla ya kuweka chochote chenye joto kali ndani.

Kidhibiti

Kidhibiti kinachotumiwa na wapikaji wa nyumbani sehemu nyingi za dunia ni kile kidogo cha STC-1000 na jamaa zake. Kina swichi mbili, moja ya kupasha na nyingine ya kupoza, kila moja ikibeba hadi ampea 10, na kihisi kilicho mwisho wa waya. Huwekewa mambo matatu: nyuzi zinazotakiwa, mwanya unaovumiliwa kabla ya swichi kuwaka, na muda wa kusubiri kabla ya kompresa kuanza tena. Mwanya wa nusu nyuzi hadi nyuzi moja unafaa; ukiwa mdogo zaidi, kupasha na kupoza hupokezana bila sababu. Kompresa isubiri angalau dakika tano, la sivyo huungua. Kati ya soketi ya ukutani na kidhibiti iwekwe friji gadi, kwani volteji hupanda na kushuka, na waya wa ethi usikatwe kwa kisingizio chochote. Kazi hii ni ya fundi umeme.

Kihisi kisining'inie hewani. Hewa ya sandukuni hubadilika kwa dakika, pombe hubadilika kwa saa, na kinachotakiwa kutawaliwa ni pombe. Kibandikwe ubavuni mwa ndoo, chini ya kina cha pombe, kifunikwe kwa kipande cha sponji na kukazwa kwa utepe. Kabla ya hapo kikaguliwe kwa maji yenye barafu inayoyeyuka, ambayo ni nyuzi 0 popote duniani. Maji yanayochemka hayafai kwa ukaguzi huo hapa: kwa mwinuko wa Sumbawanga huchemka kwenye nyuzi 94 hivi, na aliyerekebisha kipimo chake kwa kudhani ni 100 atakuwa amekipotosha kwa nyuzi sita.

Umeme ukikatika, kinachookoa pombe ni uzito. Kwa miaka mingi Sumbawanga ilipata umeme kutoka Zambia, nje ya gridi ya Taifa, na wakazi wake wanajua kukaa gizani. Nje kukiwa na nyuzi 10, ndoo ya lita 20 ndani ya sanduku zuri hupoteza nyuzi moja kwa zaidi kidogo ya saa moja. Madumu mawili ya maji ya lita 10 yakiwekwa kando ya ndoo tangu mwanzo, muda huo huongezeka mara mbili. Ni njia isiyo na gharama na haiharibiki.

Kulitumia

Sanduku jipya hujaribiwa kwa ndoo ya maji kwa usiku mzima. Maji yakisimama ndani ya nyuzi moja ya kiwango kilichowekwa hadi alfajiri, limefaulu. Bia ya shayiri au ya ulezi yenye hamira ya dukani huanzishwa kwenye nyuzi 18, hukaa hapo siku tatu, kisha hupandishwa hadi 21 ili hamira imalizie sukari iliyobaki na kusafisha harufu. Komoni haihitaji muda mrefu hivyo: nyuzi 25 kwa siku moja au mbili huipa uchachu wake, na mpikaji anayetaka idumu kidogo huishusha hadi 18 mara ladha inapompendeza.

Sanduku hilo hilo huotesha kimea, na huenda hii ndiyo faida yake kubwa kwa Ufipa. Ulezi uliolowekwa huchipua vizuri kati ya nyuzi 25 na 30. Wakati wa kipupwe huchipua kwa kusuasua, nusu ya punje zikabaki zimelala na nyingine zikaanza kuota ukungu. Trei za ulezi wenye unyevu zikiwekwa ndani kwenye nyuzi 27 na kugeuzwa asubuhi na jioni, punje huchipua kwa pamoja. Kimea chenye ukungu hutupwa, kwa sababu baadhi ya kuvu huacha sumu isiyoondoka kwa kupikwa.

Ndoo ya lita 20 hutoa zaidi ya lita 500 za kaboni dayoksaidi, gesi nzito inayotuama chini. Sanduku liwe na tundu dogo la kupumulia, na chumba linamokaa kiwe na dirisha. Lisiwekwe kwenye chumba cha kulala.

Kujaza chupa kunahitaji subira katika miezi ya baridi. Pombe iliyotulia kwa sababu ya ubaridi inaonekana sawa kabisa na iliyokwisha kuchachuka: povu limezama na gesi haitoki. Ikijazwa hivyo Julai na chupa zikapelekwa bondeni, au zikakaa hadi Oktoba, hamira huamka na kuendelea kula sukari ndani ya kioo kilichofungwa, na chupa hupasuka. Kwa hiyo pombe huwekwa kwanza sandukuni kwenye nyuzi 22 kwa siku mbili, na hidromita, yaani kipimo cha sukari iliyobaki, husomwa siku zote mbili. Kipimo kisipobadilika, chupa hujazwa.